Rangi mbichi kwenye shingo ya pikipiki

Jamani hili jambo nimekaa nalo wiki tatu, kila nikianza kuliandika hasira zinanipanda naweka simu chini. Leo naliandika lote.

Wanaonifahamu wanajua kazi yangu, mi ni mhimilishaji, napandisha ng'ombe kwa mrija huku Moshi vijijini, wateja wangu wengi wako Kibosho na Uru. Huko ng'ombe wanafugwa bandani, mmoja au wawili nyuma ya migomba, dume hakuna, kwahiyo ng'ombe akionekana na joto, yani anataka dume, asubuhi natakiwa nimfikie jioni, akionekana jioni nimfikie kesho yake asubuhi, nikichelewa mfugaji anasubiri siku 21 nyingine na hizo siku 21 ni majani, ni pumba, ni hela ya mtu. Miaka miwili nimezunguka kwa boda nimepakata mapajani mtungi wa naitrojeni ya kutunzia mbegu za dume. Desemba tukavunja kikoba, nikaongezea na akiba yangu, nikasema sasa natafuta pikipiki yangu mwenyewe hata kama ni mtumba.

Nikaipata Arusha, maeneo ya Sakina, ya Kihindi cc 125, milioni moja na laki nne. Aliyeniuzia ni kaka mmoja mtaratibu, anaongea kwa heshima, hata soda alitununulia. Nilienda na mjomba wangu kwasababu mi mambo ya injini sio fani yangu. Tulipofika pikipiki ilikuwa tayari ya moto, akasema ametoka kuiwekea mafuta, tukaona sawa. Tukapiga kiki ikawaka mara ya kwanza, moshi hakuna, taa zinawaka, honi ipo. Tairi la mbele jipya kabisa, la nyuma limeisha, na mi nikafurahi nikajua hapo nimeokoa hela ya tairi moja.

Halafu tukafanya kitu ambacho kila mtu alituambia tusisahau, tukalinganisha namba ya chesisi na kadi. Namba imegongwa pale kwenye shingo, lile bomba ambalo usukani unapita ndani yake. Mjomba kainama na tochi ya simu anasoma moja moja, mi nafuatilia kwenye kadi kwa kidole, herufi na tarakimu zote 17, zikalingana. Nilipumua yani, nikajua sio ya wizi, basi tumemaliza. Rangi pale shingoni ilikuwa nyeusi inang'aa kuliko sehemu nyingine zote na tuliiona wote wawili, mjomba hata alisema huyu kijana anajua kutunza kitu.

Tukaandikishana mkataba, nikalipa, nikaendesha mwenyewe mpaka Moshi. Tengeru, Usa River, nikapita pale NAIC, kituo cha taifa cha uhimilishaji, nikachukua mbegu zangu, nikaendelea. Kuanzia Kikatiti nikaanza kuhisi inanivuta kushoto, kidogo tu, nikajua ni upepo maana ile mbuga ya kuanzia KIA, uwanja wa ndege, mpaka Boma Ng'ombe ina upepo kila mtu anajua, nikawa nairudisha kulia, nairudisha, mpaka nafika nyumbani bega linauma. Kesho yake hakuna upepo na bado inavuta. Nikajiambia labda ni tairi kukosa upepo, nikajaza. Nikajiambia nitaizoea.

Nilienda nayo hivyo hivyo mwezi mzima na zaidi. Mvua za masika zikaanza. Siku hiyo Mama mmoja wa Kibosho kanipigia asubuhi, daktari ng'ombe analia tangu alfajiri, ndo dalili ya joto hiyo, nikamwambia Mama jioni nafika. Kuna mteremko kabla ya daraja, udongo umelowa, nikakanyaga breki nikasikia kah! kwenye mikono, sio kwenye masikio, kwenye mikono. Nikaachia, nikashika tena, kah! Usukani kama umetikisika wenyewe. Nikashuka, nikaikokota hadi kwenye duka la mangi mmoja pale juu nikasimama miguu inatetemeka, na kwa Mama sikufika.

Jirani akanipakilia kwenye pickup mpaka kwa fundi wangu Pasua. Fundi hakugusa kitu kwanza, alichukua kamba ya manila akaizungushia tairi la nyuma akaivuta mbele pande zote mbili, akaniambia njoo uangalie. Tairi la nyuma limegusa kamba vizuri, la mbele limelalia kushoto, unaliona kwa macho. Akasema ndo maana walikuwekea tairi jipya, la zamani lazima liliisha upande mmoja ungelishtukia. Akatoa tenki. Akachukua kitambaa na petroli na msasa akaanza kusugua ile rangi nzuri ya shingoni, ikatoka rangi, ikatoka puti, chini ya puti akakuta pamechomelewa, mabonge mabonge kama nta ya mshumaa. Na pembeni ya pale palipochomelewa kuna ufa, kucha yangu iliingia. Kutoka kwenye namba mpaka kwenye ufa ni kama vidole viwili. Vidole viwili! Mi na mjomba tulipamulika na tochi.

Fundi akanielewesha kwamba hii iligonga kitu kwa mbele, shingo ikapinda, wakainyoosha kwa moto wakaunga, na chuma kilichoungwa vibaya kinakatikia pembeni ya muungo, halafu pale ndo uzito wote unapoishia ukishika breki. Akasema "Hapa pakiachia, daktari, tairi la mbele linaingia chini ya injini na we unaenda mbele peke yako."

Nilimpigia yule kaka. Akasema dada uliikagua ukaridhika ukasaini. Kweli mkataba umeandikwa hivyo, nimekagua na nimeridhika. Tukarudi Arusha na mjomba, na picha, tukaenda ofisi ya serikali ya mtaa wake, tukakaa naye mbele ya mwenyekiti. Alizunguka sana mpaka mjomba akamuuliza kwa upole tu, mwanangu nani alianguka na hii pikipiki? Akanyamaza. Mwisho akasema ni mdogo wake, alivunjika paja. Kwahiyo alikuwa anajua. Amemuuguza mdogo wake, ameiona hiyo shingo imepinda, kaipaka rangi, kanipa mimi na soda juu. Alirudisha laki nne na nilizichukua, ila kilichoniuma sio hela, mi ningeelewa injini mbovu, injini ikifa unasimama barabarani unakasirika unarudi nyumbani. Shingo ikikatika haurudi.

Kuna mtu alikuja pale gereji akaniambia dada nipe hivyo hivyo, nakupa laki tisa, rangi nitapaka mwenyewe. Laki tisa nilikuwa naihitaji sana, nisiseme uongo. Nikamwambia fundi awashe grainda. Akaikata shingo mimi nikiwa nimesimama pale pale, injini na matairi nimeuza kama spea, kile kipande chenye namba kiko kwenye droo yangu pamoja na kadi mpaka nikamalizane na TRA.

Leo imetimia siku ya 21. Mama wa Kibosho kanipigia saa kumi na mbili asubuhi, kasema ng'ombe ameanza kulia tena. Nimeshaongea na kijana wa boda anifuate saa tisa, mtungi nitaupakata.