Mkono Uliokimbilia Jicho

Jicho langu la kushoto lina kovu ambalo mtu aliyesimama mbele yangu hawezi kuliona. Daktari huliona kwa mashine yake, na mimi huliona usiku ninapovuka Barabara ya Mandela, kwa maana kila taa ya gari inayonijia huwa na mwali mrefu wa ziada unaoning'inia upande wa chini. Mkono wa kushoto nao una kidole cha shahada ambacho ncha yake haikunji. Majeraha haya niliyapata katika miaka tofauti na kwa vifaa tofauti, na yote mawili yalianza na kitu kidogo kiasi kwamba niliona haya kukitaja nyumbani.

Mimi siishi kwa ufundi. Mchana hushinda na vitabu vya hesabu vya watu wengine, lakini nyuma ya nyumba yetu Tabata nina kibanda cha mabati chenye meza ya useremala, jiliwa la kubania mbao, randa mbili, patasi za kutosha na grainda moja ndogo, na humo ndimo ninamomalizia jioni zangu. Kazi yenyewe nilifundishwa na mzee mmoja wa Keko, ambaye alikosa pingili moja ya kidole cha kati na hakuwahi kunieleza ilikopotelea, nami sikuthubutu kumuuliza.

Siku kibanzi cha chuma kiliponiingia jichoni nilikuwa nakata nondo za geti. Miwani ya kujikinga nilikuwa nayo, tena nilikuwa nimeivaa, ila nilikuwa nimeipandisha juu ya paji la uso. Ulikuwa mwezi wa Februari, na wakazi wa Dar es Salaam wanalijua fukuto la Februari: vioo vilijaa ukungu kila baada ya dakika mbili, jasho likaingia machoni, na nilikuwa nimebakiza nondo moja. Grainda ndogo ya aina yangu huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, na kwa jiwe la kukatia lenye kipenyo cha milimita 115, ukingo wake hukimbia karibu kilomita 240 kwa saa. Treni yetu ya umeme inayokwenda Morogoro na Dodoma hufikia 160. Hesabu hiyo niliipiga baadaye sana, nikiwa nimelala chali na kitambaa usoni, na sikuielewa jeuri yangu ya kusimama mbele ya kitu cha namna hiyo kwa jicho tupu.

Sikusikia maumivu makali. Nilihisi kama mchanga umeingia, na kabla akili haijapata habari, mkono ulikuwa umekwisha kufika jichoni na kuanza kulifikicha. Hapo ndipo ninapotaka kusimama kidogo, kwa sababu naamini kibanzi chenyewe hakikunidhuru kama ulivyonidhuru mkono wangu. Konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, ina unene wa takriban nusu milimita tu katikati, na kibanzi cha chuma kilichotoka kwenye jiwe kikiwa cha moto huwa kimejishikiza juu yake kwa ncha. Ukifikicha, unakigongomea. Ukope wenyewe hugeuka kuwa msasa, na kila unapopepesa unajikwaruza upya. Nami nilifikicha, nikapepesa, nikafikicha tena, kisha nikamalizia ile nondo.

Usiku jicho lilichuruzika machozi bila kukoma na sikuweza kutazama hata mwanga wa simu. Mama mmoja jirani yetu, mtu mwema ambaye watoto wetu wamekulia mikononi mwake, alikuja na kikombe kidogo cha chai chenye maziwa ya binti yake aliyekuwa ananyonyesha. "Mwanangu, usiogope," akaniambia, "hii ndiyo dawa tuliyokuzwa nayo." Nilimshukuru na nikainamisha kichwa nyuma. Maziwa yalikuwa vuguvugu na kwa dakika chache yalinipa nafuu ya kweli, jambo ambalo nadhani ndilo linaloidumisha dawa hiyo.

Asubuhi, kwenye foleni ya kliniki ya macho, nilimsikia muuguzi akiwauliza wagonjwa swali moja kwa sauti ya mtu aliyelichoka. Hakuuliza kama mtu ametia kitu jichoni. Aliuliza, "Umetia nini?" Kijana aliyenitangulia alijibu kwamba ni maji ya kitunguu. Mwingine alikuwa na maji ya sukari. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Maziwa." Akauliza bila kuinua uso kutoka kwenye daftari, "Ya ng'ombe au ya mama?" Baadaye daktari alinieleza kwamba konea iliyochubuka ni kidonda wazi, kwamba maziwa hayakosi vijidudu na ni chakula kizuri kwao, na kwamba huwaona watu waliokuja na mchubuko ambao ungepona wenyewe kwa siku mbili tatu, lakini kwa sababu ya kilichotiwa juu yake wameondoka na kidonda cheupe kilichoharibu uoni moja kwa moja.

Alinidondoshea dawa ya ganzi, na maumivu ya saa kumi na nne yakaisha kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini. Kisha akagusisha ukingo wa jicho kwa karatasi yenye rangi ya chungwa, akazima taa ya chumbani na kuniangazia mwanga wa buluu, ambao hufanya sehemu iliyochubuka ing'ae kijani. Nikaweka kidevu juu ya kibao cha mashine yake, akaniambia nitazame sikio lake, naye akaleta sindano. Kuiona ncha ya sindano ikikaribia hadi inapotea kwa kuwa karibu mno ni jambo ambalo sitalisahau, ingawa sikusikia chochote isipokuwa mguso mwepesi. Kibanzi alikiweka juu ya kipande cha pamba ili nikione: kilikuwa kidogo kuliko punje ya pilipili manga iliyosagwa. Lakini kilikuwa kimeacha pete ya kutu, kwa kuwa chuma huanza kushika kutu ndani ya konea kwa muda wa saa chache tu, na ilibidi pete hiyo ikwanguliwe kwa kikekee kidogo sana. Kovu langu limetokana na kukwanguliwa huko, na kukwanguliwa huko kumetokana na usiku mmoja wa kusubiri.

Nilipoomba niuziwe ile chupa ya ganzi niende nayo nyumbani, daktari alicheka, kisha akakunja uso. Dawa hiyo ikitumiwa mfululizo huzuia konea isijifunge, na mgonjwa asiyesikia maumivu huendelea kuliharibu jicho lake akidhani linapona. Alinipa mafuta ya kuzuia maambukizi na akanitaka nirudi kesho yake. Akaniasa vilevile nisinunue dukani matone yoyote kwa kuelezwa tu kwamba yanaondoa wekundu, kwa sababu baadhi yana steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, na steroidi juu ya kidonda chenye vijidudu, hususan kuvu wanaoingia kwa kuchomwa na jani au kijiti, huupa ugonjwa njia nyeupe.

Kuna jambo alilolisema wakati nikivaa viatu ambalo limenikaa kuliko yote. Alisema kwamba mimi nilikuwa na bahati ya kuumwa. Mtu anayegonga tindo kwa nyundo anaweza kurushiwa kipande kinachopenya hadi ndani ya jicho kikiwa na kasi kubwa kiasi kwamba tundu hujifunga nyuma yake, naye akasikia mchomo wa sekunde moja na kuendelea na kazi. Jicho la namna hiyo halioshwi kwa nguvu wala halibanwi kwa bandeji. Hufunikwa kwa kitu kigumu kisichogusa jicho lenyewe, kama vile kitako cha kikombe cha karatasi kilichokatwa, na mtu hupelekwa hospitali palepale.

Vijana wanaoshikilia chuma huku fundi mwenye ngao akichomelea nimewaona mara nyingi mno kwenye karakana za kando ya barabara, na hadithi yao ni fupi. Mwanga ule huunguza konea kama jua linavyounguza ngozi, lakini maumivu huchelewa saa sita hadi kumi na mbili, kwa hiyo kijana hula chakula cha jioni akiwa mzima na kuamka usiku wa manane akilia kwamba amepofuka. Kwa kawaida hupona kwa siku moja au mbili, iwapo hakuna aliyemwahi kwa kitunguu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, ila kijana huyo ukimuuliza mwajiri wake ni nani, atakuonyesha mtu ambaye naye anasubiri kulipwa geti.

Mara ya pili mkono ulipolikimbilia jicho ilikuwa Chanika, kwenye kiwanja cha mkwe wangu, tulipokuwa tunapunguza ua wa mnyaa kwa panga. Anayeufahamu mnyaa anafahamu ule utomvu mweupe unaochuruzika mara tu tawi linapokatwa. Tone moja liliniruka karibu na kope, nami, mtu mwenye kovu na uzoefu wote huo, nikapangusa kwa kiganja ambacho tangu asubuhi kilikuwa kimeloa utomvu uleule. Tone likawa kiganja kizima. Mkwe wangu hakusema neno; alinishika mkono wa shati, akanikalisha juu ya kinu kilichopinduliwa, akaninawisha mikono kwa sabuni kwanza, kisha akalivuta dumu la lita 20 na kuanza kunimiminia maji kwa kata, kutoka upande wa pua kuelekea sikioni, ili yasitiririkie jicho la pili. Nilipotaka kuinuka akasema, "Tulia, baba, dumu halijaisha." Maumivu yaliongezeka kwa saa kadhaa hata baada ya kuosha, ndivyo utomvu huo ulivyo, na kliniki ilibidi niende, lakini baada ya wiki moja jicho lilikuwa limetulia bila kuacha alama. Dumu lile ndilo lililoniokoa. Kwa utomvu, chokaa, saruji mbichi na maji ya betri, hakuna dawa inayoyashinda maji mengi yanayomiminwa mapema na kwa muda mrefu, na kwa chokaa huo muda ni nusu saa au zaidi.

Sasa kidole. Hapa masimulizi yangu yanakwenda kombo, kwa kuwa safari hii nilijitahidi kufanya mambo sawasawa. Nilikuwa nachimba tundu kwenye ubao wa mkongo kwa patasi, na kwa uvivu wa kukaza jiliwa nilikuwa nimeushika ubao kwa mkono wa kushoto, mbele ya patasi. Patasi iliteleza na kuingia kwenye shina la kidole cha shahada. Nilikinyima kinywa changu kidole hicho, ingawa kilikuwa tayari njiani kuelekea huko, na nikamkatalia kijana aliyekuja mbio na kopo la petroli na gao la vumbi la mbao. Nikaosha kwa maji na sabuni, nikabana kwa kitambaa safi dakika kumi bila kuchungulia, nikauinua mkono juu ya moyo, na pete ya ndoa nikaivua kabla vidole havijavimba.

Kwenye zahanati walinishona nyuzi tatu na kunichoma sindano ya pepopunda, ambayo sikumbuki kuipata tangu nikiwa mtoto. Mke wangu amechanjwa katika kila ujauzito. Sisi wanaume hukumbukwa siku tunapojikata. Jeraha lilikuwa la sentimita moja, safi, na kila mtu aliridhika. Hakuna aliyeniambia nikunje kidole. Mimi pia sikukikunja, kwa sababu kiliuma na bandeji ilikuwa nene. Nyuzi zilipotolewa baada ya siku kumi na mbili ndipo nilipogundua kwamba kiungo cha kati kinakunja vizuri na ncha imelala kama ya mtu mwingine.

Kila kidole, ukiacha gumba, hukunjwa na kano mbili: moja huishia pingili ya kati, nyingine hupita hadi kwenye ncha. Patasi ilikuwa imekata hiyo ya pili na kuiacha ya kwanza, na kano iliyokatwa hurudi ndani ya kiganja kama mpira uliovutwa ukaachiwa. Huunganishwa vizuri katika siku za mwanzo. Baada ya wiki kadhaa njia yake hujifunga, na kinachobaki ni upasuaji wa awamu mbili na miezi ya mazoezi, tena bila uhakika kwamba ile pingili ya kati inayofanya kazi haitaharibika. Nilifikiri kwa juma zima nikaacha. Kulijua jambo hilo siku ya kwanza kungehitaji sekunde tano: unashikilia pingili ya kati isisogee, kisha unamwambia mgonjwa akunje ncha. Kama haikunji, au kama upande mmoja wa kidole umekufa ganzi, jeraha hilo halifungwi na kusahauliwa hata likiwa dogo kama tundu la kifungo.

Misumari midogo sasa naishika kwa koleo. Vifungo vya shati nimevizoea. Kinachonishinda ni ugali, kwa kuwa ninapofinyanga tonge kidole hicho hutokeza nje ya vingine, na mwanangu wa mwisho, ambaye bado anaamini kwamba ninamwonyesha kitu, hugeuka kila mara kutazama nyuma yake.