Nilivyoandaa Maonyesho ya Sanaa ya Nyuzi Katika Mji Usio na Jumba la Sanaa

Kigoma Ujiji haina jumba la kuonyeshea sanaa, lakini ni mji ambao umeishi kwa nyuzi tangu zamani. Mimi ni mwalimu wa ushonaji katika chuo kimoja cha ufundi hapa mjini, na mwaka 2024 niliwatembeza wanafunzi wangu, pamoja na majirani waliopenda kufuatana nasi, katika maonyesho ya sanaa ya nyuzi ambayo ukumbi wake ulikuwa ni mji wenyewe, kuanzia mwalo wa Kibirizi, wanakotia nanga wavuvi, hadi Ujiji. Naeleza hapa jinsi nilivyolifanikisha jambo hilo kwa sababu walimu wenzangu wa Kasulu na Tabora wamekuwa wakiniuliza ni nani aliyenipa ukumbi na ni nani aliyegharamia.

Wazo lenyewe nililipata kwa kusoma habari za miji ya nje. Łódź ni mji wa Poland uliokua kwa viwanda vya nguo katika karne ya 19, na tangu mwaka 1972 kumekuwa na maonyesho ya sanaa ya ufumaji yanayorudi kila baada ya miaka mitatu, yakiwa na makao yake katika makumbusho ya nguo yaliyomo ndani ya kiwanda cha zamani cha Ludwik Geyer. Guimarães, huko Ureno, nao ni mji wa eneo lenye viwanda vya nguo, na tangu mwaka 2012 umekuwa na maonyesho yake ya kila baada ya miaka miwili. Kilichonivutia ni kwamba katika miji hiyo mgeni anaitazama kazi ya msanii wa leo akiwa palepale ambapo baba na mama za watu walihangaika na mashine za kusokota na kufuma. Nikajiuliza Kigoma imeishi kwa nyuzi zipi. Majibu hayakunisumbua: nyavu za dagaa, mikeka ya ukindu, vitenge vinavyovuka Ziwa Tanganyika, na zile nguo za nyuzi za mwale, mti wa jamii ya mitende, kutoka Manyema, mashariki mwa Kongo, zilizoitwa viramba, ambazo katika karne ya 19 zilitumika huko kama fedha.

Wanafunzi hawakukubali mara moja. Mmoja wao alisema waziwazi, "Mwalimu, wavu ni zana ya kazi, hauwezi kuwa sanaa." Sikubishana naye, niliwaonyesha picha za kazi za Magdalena Abakanowicz, msanii wa Poland aliyefariki mwaka 2017, ambaye katika miaka ya 1960 alianza kufuma maumbo makubwa yanayoning'inia kutoka darini, mengine yakiwa na mpasuko ambao mtu mzima anaweza kupita. Sehemu kubwa ya nyuzi zake ilikuwa mkonge, na mara nyingi aliupata kwa kuokota kamba kuukuu za bandarini, akazifumua, akazitia rangi na kuzifuma upya. Hapo darasa lilichangamka, kwa kuwa mkonge kila Mtanzania anaujua. Miche yake ililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kati ya miche elfu moja iliyosafirishwa kutoka Florida ni 62 tu iliyofika hai Tanga. Lakini ilipofika miaka hiyo ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikiongoza duniani kwa kuzalisha mkonge. Kwamba kamba ya meli inaweza kuwa sanaa bila kuacha kuwa kamba, hilo walilielewa kwa macho yao, na mwanafunzi yuleyule ndiye aliyependekeza tuanzie kwa wavuvi.

Wakati tulioupata ulikuwa mzuri kuliko ambavyo ningeweza kuupanga mwenyewe. Serikali ilisitisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, na katika kipindi hicho nyavu ambazo kwa kawaida hulala mitumbwini zilikuwa nchi kavu, nazo mikono ya kuzishona ilikuwa na nafasi. Nilikwenda kwanza kwa viongozi wa mwalo, kisha ofisi ya serikali ya mtaa, na pande zote mbili nilieleza kwamba hatuuzi tiketi na hatumpigi picha mtu asiyetaka. Kwa mafundi wenyewe nilikwenda na sharti jingine: kila atakayesimamisha kazi yake ili atueleze atalipwa sawa na kipato alichokosa kwa muda huo. Fedha hiyo niliiomba chuoni kwa jina la ziara ya mafunzo, na nauli ya daladala kila mtu alijilipia. Naamini malipo hayo, hata yalipokuwa madogo, ndiyo yaliyofanya tupokelewe kama watu wenye shughuli, maana msanii wa mikeka amechoshwa na wageni wanaotazama, wanaosifu na kuondoka.

Kibirizi tulifika asubuhi, kabla upepo wa kusini haujachafua maji. Mzee aliyetupokea alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, wavu umemfunika miguu hadi magotini, na baada ya kumwamkia shikamoo hatukuzungumza kitu kwa muda, tulitazama tu. Alikuwa akiukata kwanza mchaniko mpaka ukawa mkubwa zaidi, jambo lililowashangaza wanafunzi, na alipoulizwa alisema, "Wanangu, tundu lililochanika hovyo halizibiki, lazima ulitengenezee kingo nzuri kwanza." Ndipo alipoingiza sindano yake ya mti iliyosokotewa uzi, akapima ukubwa wa kila tundu kwa kidole chake badala ya kijiti, akafunga fundo, akavuta, akahamia tundu la pili. Ukiutazama wavu ule dhidi ya mwanga wa ziwa, viraka vyake vilionekana kwa sababu uzi mpya ulikuwa wa kijani na wa zamani umepauka, na kila kiraka kilikuwa na mkono wake: kimoja kimekazwa sana, kingine kimelegea. Mzee aliweza kututajia kwa kutazama tu ni nani aliyeshona kipi. Kwa maoni yangu hakuna kilichozidi hapo katika ziara nzima, na ningekuwa na uwezo ningekaa mpaka jioni.

Alituazima wavu wake mkuukuu kwa sharti kwamba usikatwe popote na urudi kabla ziwa halijafunguliwa. Sharti hilo lilitufaa. Wanafunzi walikusanya mabaki ya vitenge kwa mafundi cherehani wa soko la Mwanga, wakayachana kuwa utepe, na kwa kuwa mkasi haukuruhusiwa kuugusa wavu, kila utepe ulifungwa kwenye wavu kwa fundo linalofunguka. Huko Mwanga kwenyewe hatukukaa; soko lina kelele, na vitenge vinavyopendeza zaidi hupangwa juu kabisa, pasipofikiwa na mkono.

Ujiji ndiko tulikotundika kazi, chini ya mwembe wa uani kwa familia moja iliyotukubalia. Niliepuka Ijumaa, kwa kuwa mchana wa siku hiyo watu wako msikitini na si adabu kuwaita kwenye jambo jingine. Vumbi la kiangazi lilitusumbua kuliko kitu chochote, ikabidi kumwagilia maji uani kabla wageni hawajafika, na mikeka ya ukindu uliotiwa rangi tukaiweka kivulini, kwa sababu jua huifubaza haraka, hasa ile ya zambarau.

Bibi mmoja wa jirani alisuka ukili mbele yetu, akiloweka ukindu wake kidogo kidogo ili usikatike, na mfanyabiashara anayevuka mara kwa mara kwenda Kongo alituletea kitambaa cha nyuzi za mwale cha Wakuba, watu wa Kasai huko Kongo. Niliwaomba wageni wakitazame kwanza upande wa nyuma. Ukindu na mwale zote ni jamii ya mitende, lakini kazi zake hazifanani: ukindu husukwa ukanda mrefu na mwembamba ambao baadaye hushonwa ubavu kwa ubavu hadi mkeka utimie, ilhali nyuzi za mwale huchunwa kutoka jani changa na kufumwa kwenye kitanda cha mfumi bila kusokotwa, hivyo urefu wa kipande hufungwa na urefu wa jani, na anayetaka nguo kubwa lazima aunganishe vipande. Kwa Wakuba wanaume ndio wafumao na wanawake ndio watiao nakshi kwa sindano. Bibi alikipapasa kitambaa hicho, akakigeuza, akauliza kwa nini nyuzi zilizokatwa hazing'oki wakati hazina fundo. Mwenye kitambaa hakujua. Bibi akakikunja kidogo penye nakshi, akatuonyesha jinsi uzi ulivyopitishwa chini ya uzi mmoja tu wa kitambaa chenyewe na kubanwa na majirani zake, kisha akasema, "Umekazwa na wenzake, mjukuu wangu." Somo hilo nimekuwa nikilifundisha darasani kwa michoro bila mafanikio.

Wavu wenye tepe ulipepea kwa upepo mchana kutwa, na watoto wakapita chini yake kwenda na kurudi. Watu wazima walitaka kujua unauzwa bei gani. Mtu mmoja alinung'unika kwamba tumepoteza vitenge, nami sikumlaumu, ingawa vilikuwa vipande visivyotosha hata kutengeneza kofia.

Mafundo yalifunguliwa na wanafunzi wenyewe, wavu ukarudishwa Kibirizi mapema, na mzee aliukagua tundu kwa tundu kabla ya kuupokea. Bibi wa Ujiji amekubali kuwafundisha wanafunzi wanaotaka, kwa masharti yake: waje na ukindu wao, waje alasiri baada ya swala, na mkeka wa kwanza wa kila mmoja ubaki kwake.