Baada ya mstari wa mwisho: siku yangu moja ya Kili Marathon

Saa kumi alfajiri

Boda ananichukua Rau giza bado nene. Begini nina mafuta ya kuchulia, mafuta ya mgando, bandeji, plasta, glavu na taulo nyingi. Barafu inakuja na gari jingine. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Mwaka mzima wagonjwa wangu ni wapagazi wa mlimani wenye magoti yaliyochoka, wazee waliopata kiharusi, madereva wa malori wenye maumivu ya viuno. Jumapili ya mwisho ya Februari nawaacha wote na kwenda Uwanja wa Ushirika hapa Moshi, kwenye hema la wakimbiaji wa Kilimanjaro Marathon, hatua chache baada ya mstari wa kumalizia.

Mbio hizi zipo tangu 2003, na kila mwaka magazeti huandika nani ameshinda na kwa muda gani. Ni haki yao. Mimi nataka kuandika habari za watu wakishavuka ule mstari, wanavyokuwa wao kwa wao. Ninapofanyia kazi yanaonekana yote, na sijaona mahali pengine ambapo watu wasiojuana huzoeana upesi namna ile.

Saa kumi na moja

Tunapanga vitanda. Hapa nina msimamo wangu. Hakosekani mtu wa kuja na wazo la pazia: wageni huku, wenyeji kule, au waliokimbia kilomita 42 wapewe kona yao. Nakataa, na wenzangu wananiunga mkono. Vitanda vinakaa ubavu kwa ubavu, mtu akinyoosha mkono anamgusa jirani yake. Kikazi inanisaidia, maana nikimshughulikia huyu namwona na yule anavyopumua. Lakini sababu kubwa ni kwamba maumivu ya peke yako ni makali zaidi, na hilo nimelithibitisha kwa mikono yangu.

Dada tunayefanya naye kazi, anatoka Pasua, amefunga. Mwaka huu Ramadhani na Kwaresma zimeingia wiki moja, siku chache tu kabla ya mbio. Tulimwambia apumzike nyumbani, jua la Februari hapa Moshi halina huruma. Akajibu, "Miguu ya watu haijafunga," akaanza kukunja taulo.

Saa kumi na mbili na nusu

Wa kilomita 42 wameondoka. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imejitokeza yote, nyeupe juu, na wageni wamesimama katikati ya barabara kupiga picha hadi waongozaji wakawasogeza. Nusu saa baadaye wanaondoka wa kilomita 21. Uwanja unapoa ghafla. Tunakunywa chai na chapati, tumempa mgongo dada wa Pasua kwa heshima, naye anatucheka.

Kwa asiyezijua njia zetu: wa mbio ndefu wanaanza na barabara kuu, tambarare, wakirudi mjini jua limeshapanda. Hapo ndipo wanageuzwa kupanda kuelekea Mweka, kwenye migomba na kahawa, mteremko wa mlima wenyewe. Wakifika juu wanageuka na kushuka hadi uwanjani. Wengi wanaogopa kupanda. Mimi naogopa kushuka. Ukishuka, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki: inakaza huku inavutwa, na nyuzi zake zinachanika kidogo kidogo. Atakayenililia saa tano aliumizwa na kushuka, ingawa yeye atailaumu Mweka.

Saa mbili na robo

Wa mbele wa kilomita 21 wameshaingia. Hawa hawaji kwetu. Wanavuka mstari, wanashika magoti kidogo, halafu wanaanza kukimbia tena polepole kuuzunguka uwanja ili mwili upoe. Nimewatazama vijana wawili, mmoja Mkenya na mmoja wa kwetu. Dakika chache zilizopita walikuwa wanapigana viwiko mlangoni mwa uwanja. Sasa wanakunywa chupa moja, wanazungumzia viatu. Mmoja anavua chake, mwenzake anapima soli kwa kidole gumba.

Wa kilomita 42 wa mbele nao wakaingia, kelele, picha, vipaza sauti. Napita haraka hapa kwa sababu kazi yangu bado.

Saa nne hadi saa saba

Sasa wanakuja watu.

Wanakuja makarani na walimu, wauguzi, wanajeshi, watalii waliotoka mlimani juzi, klabu za jogingi za Dar es Salaam zenye fulana za rangi moja, akina baba wa Arusha wenye vitambi walivyovipunguza kwa miezi ya alfajiri. Neno letu la kwanza kwa kila mmoja ni lilelile: usilale, tembea. Mtu akisimama ghafla baada ya saa nne au tano za kukimbia, damu inabaki miguuni na kichwa kinakosa. Kwa hiyo tunawatembeza. Mikono yetu haitoshi, na hapo ndipo wakimbiaji wanaanza kutembezana wenyewe. Namwona baba mmoja wa Kichaga, mfupi, amemkumbatia kiunoni dada wa Kizungu mrefu kumpita kwa kichwa kizima. Hawana lugha moja. Anamwambia, "Pole, pole, twende, pole," naye anarudia "pole, pole" kama wimbo.

Kitanda cha tatu amelala kijana kutoka Singida, shavu la mguu limekaza hadi naliona linacheza chini ya ngozi. Dawa yake ni kumnyoosha taratibu, vidole vya mguu kuelekea usoni, na kusubiri. Anayepigapiga msuli uliokaza anauongezea hasira. Kitanda cha nne, Mjerumani, tatizo lilelile, mguu uleule. Wakatazamana. Kijana akamuuliza kwa ishara ametoka wapi. "Ujerumani," akasema yule bwana, neno alilojifunza hapa. Kijana akainuka kwenye kiwiko, amesahau mguu: "Petros!" Mjerumani naye akapaza sauti: "Simbu!"

Msomaji anajua. Septemba 2025, mbio za dunia Tokyo, Alphonce Simbu wetu na Amanal Petros wa Ujerumani walimaliza marathoni wote kwa saa 2:09:48, ikabidi mashine iamue. Dhahabu ikaja Tanzania kwa sekunde 0.03. Kwa kasi waliyokuwa nayo mwishoni, hiyo ni pungufu ya urefu wa kiatu, baada ya kilomita 42. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo ya dunia ya riadha. Mjerumani akaonyesha ule upenyo kwa kidole gumba na cha shahada, macho yake yamejaa. Kijana akaushika ule mkono, hakuuachia. Nikaendelea kumnyoosha mguu, na nakiri niliichelewesha kazi ile kwa makusudi.

Ndiyo maana nakataa pazia.

Lakini kuna jambo zito zaidi kuliko kushikana mikono. Kama saa tano na nusu wanaklabu wa Temeke walimleta mama yao, wamembeba wanne. Anatapika, kichwa kinamuuma, anajibu maswali ovyo. Wenzake, kwa upendo, wanataka tumpe maji: jua lote hili, si amekaukiwa? Kila mtu hemani angesema hivyo. Nyuma yao akaja dada mmoja wa Nakuru, anachechemea, medali mkononi, hakuna anayemjua. Akasema, "Huyu hajakosa maji. Tumeshuka naye kutoka Mweka tukitembea, nami nilikuwa nangoja akimaliza kunywa. Alikunywa kila meza, chupa nzima. Na pete ilianza kumbana, alikuwa anaizungusha."

Nikatazama vidole vya mama. Vimevimba.

Mtu anayetembea mwendo mrefu akinywa maji matupu kupita kiasi, chumvi ya damuni inazimuliwa, na ubongo ndio unaoanza kuumia. Dalili zake zinafanana sana na za kukaukiwa, ila dawa yake ni kinyume kabisa: maji zaidi yanaweza kumuua. Nikamwita daktari, nikamwambia yote aliyosema dada wa Nakuru. Daktari akazuia maji palepale, akamchukua kwa vipimo.

Yule dada hakuondoka. Malengelenge yamempasuka miguu yote miwili, nimemsafisha na kumfunga, nimemwambia kuna chakula nje. Akakaa chini, mgongo kwenye nguzo ya hema. "Nilianza naye mlima," akasema, "siwezi kumaliza bila yeye." Wanaklabu wa Temeke wakamzunguka. Mmoja akamletea ndizi na soda, mwingine akawa anampepea kwa kipande cha boksi. Nimekuwa nikisikia watu wakisema urafiki wa mbio ni wa picha tu, watu wanapiga selfi na kusahauliana. Sikubaliani hata kidogo. Anayepanda na wewe Mweka anajua hali yako ya siku ile kuliko ndugu yako aliyeko nyumbani. Ameona umekunywa nini, umejikwaa wapi, umenyamaza kuanzia wapi. Leo ujuzi huo umemsaidia daktari kuliko kipimo chochote tulichokuwa nacho mle hemani.

Saa nane mchana

Mama wa Temeke amerudiwa na akili. Amemuuliza daktari muda wake rasmi wa kumaliza, na hapo sote tukajua amepona. Dada wa Nakuru ameruhusiwa kumwona dakika mbili. Sikusikia walichoongea.

Wa mwisho mwisho wanaingia wakitembea. Walio hemani wanaoweza kusimama wanatoka, taulo mabegani, plasta miguuni, wanajipanga pande mbili na kuwapigia makofi hadi mstarini. Hakuna aliyewaambia. Ombi langu kwa wasimamizi ni moja: spika kubwa zisogezwe mbali na hema. Muziki ni mzuri, lakini mgonjwa anapaswa kusikika.

Saa kumi

Kufunga vitanda, kuchoma taka, kuhesabu taulo. Nje wanabadilishana fulana. Klabu ya Dar inachukua za Arusha, Mganda amevaa ya Mbeya, mtoto wa mtu amevaa tatu. Fulana ya klabu watu huchangishana kuinunua na huivaa alfajiri baada ya alfajiri, kwa hiyo kumpa mtu uliyemjua leo si jambo dogo.

Saa kumi na mbili na nusu jioni

Tumekaa baa moja ya nyama choma karibu na uwanja, meza tatu zimeunganishwa: sisi wa hema, kijana wa Singida, Mjerumani, dada wa Nakuru, na Temeke nzima, basi lao limeahirisha safari hadi kesho kwa ajili ya mama, ambaye ameketi kichwani mwa meza na blanketi. Nyama imefika, ndizi zimefika, kachumbari. Hakuna anayegusa. Dada wa Pasua na Waislamu wengine mezani wanasubiri adhana, na mzee mmoja wa klabu alisema tu, "Tumemaliza pamoja, tunakula pamoja." Mjerumani akaelezwa, akarudisha kipande chake kwenye sinia.

Ni watu waliokimbia kilomita 42 na njaa ya kuuma. Wamekaa dakika ishirini.

Adhana ilipotoka, mama wa Temeke ndiye aliyempitishia dada wa Pasua tende. Wawili waliosema hawali nyama hadi Pasaka wakaletewa maharage na ndizi. Baada ya hapo kelele, kila mtu anasimulia Mweka yake, na kila mara mlima unazidi kuwa mrefu.

Saa tatu usiku

Nipo nyumbani, miguu ndani ya beseni, mikono haina nguvu ya kushika kikombe. Simu haiachi kulia. Wamefungua kundi la WhatsApp wakiwa palepale mezani na kuniingiza. Maswali ni ya maumivu, nayajibu yote mara moja: kesho yatazidi, keshokutwa huenda yakawa makali kuliko yote, kisha yatashuka. Tembeeni kidogo kidogo. Ngazi za kushuka, shikeni ukuta. Mtu asikubali kukandwa kwa nguvu kesho. Na mkojo ukiwa na rangi ya chai nzito, usingoje, nenda hospitali usiku huohuo.

Dada wa Nakuru ameandika kwamba mama wa Temeke amemlazimisha kulala chumba kimoja naye, na amemnyang'anya chupa ya maji. Mjerumani amesogeza tiketi yake. Jumatano anakwenda Arusha kwa kijana wa Singida, ambako kijana anafanyia mazoezi, wakimbie pamoja. Wananiuliza kama naruhusu. Nimewaandikia: kilomita tano tu, tambarare, polepole, na ni marufuku kushindana.