Usiifukie Fikra Uliyopewa

Tafakari ya juma hili. Masomo: Kutoka 18:13–27, Mithali 20:5, Mhubiri 9:13–18

Wapendwa katika Bwana,

Yethro hakuwa Mwisraeli. Alikuwa kuhani wa Midiani, mzee wa mifugo, aliyekuja jangwani kumletea Musa mkewe Sipora na watoto wao wawili. Kesho yake akaketi akamtazama mkwewe akifanya kazi. Watu walisimama mbele ya Musa tangu asubuhi hata jioni, kila mmoja na shauri lake, na Musa peke yake akiamua yote. Yethro angeweza kunyamaza. Ni mgeni pale, na aliye mbele yake ni mtu aliyesema na Mungu kwenye kijiti kilichowaka moto, aliyevusha taifa zima baharini. Nani angemlaumu mzee kwa kula chakula chake, kuaga na kurudi kwao? Lakini alisema: "Jambo hili ufanyalo si jema." Kisha akatoa shauri. Tafuta watu wamchao Mungu, watu wasiopenda rushwa, uwaweke juu ya maelfu, juu ya mamia, juu ya hamsini na juu ya makumi. Madogo waamue wao, makubwa yaje kwako.

Naomba tulitazame shauri hilo bila haraka. Halina muujiza ndani yake. Hakuna malaika, hakuna sauti ya kutoka mlimani. Ni mzee aliyeona foleni ndefu na mtu aliyechoka, akawaza, akasema alichowaza. Mungu ambaye muda mfupi baadaye angeandika amri kwa kidole chake aliona vema suala la mpangilio wa kazi lipitie kinywani mwa baba mkwe. Mimi naamini hapo pana fundisho ambalo hatulihubiri vya kutosha. Mengi tunayomwomba Mungu atufunulie ameshayaweka kwa jirani, naye jirani amekaa kimya.

"Mashauri ya moyoni mwa mtu ni kama maji ya kilindini, lakini mtu wa ufahamu atayateka." Ndivyo isemavyo Mithali, nayo haikusema moyo wa msomi wala moyo wa mchungaji. Imesema mtu. Mama wa vitumbua anajua jambo kuhusu moto wa mkaa ambalo hajawahi kulisoma popote. Dereva wa bodaboda anaijua kona inayoua watu mtaani kwetu, tena anajua kifanyike nini pale. Mlinzi wa usiku anawafahamu binadamu kuliko wengi wetu, maana amewaona saa ambazo hawakujua kama wanaonekana. Fikra za namna hiyo huzunguka kichwani mwa mtu miaka na miaka, na siku akifa zinashuka naye kaburini.

Kwa nini tunanyamaza? Yule mtumwa katika mfano wa Yesu, aliyefukia ardhini talanta moja aliyopewa na bwana wake, alieleza sababu yake kwa neno moja: nikaogopa. Tunaogopa kuchekwa kuliko tunavyoogopa hasara yenyewe.

Jina la Erasto Mpemba wengi tumelisikia, lakini kisa chenyewe hatukisimulii kanisani, nami nadhani kinastahili. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa na kawaida ya kujitengenezea aiskrimu. Unachemsha maziwa, unatia sukari, unayaacha yapoe, ndipo unayaingiza kwenye friji. Nafasi zilikuwa za kugombania. Siku moja mwenzake alipomwona Mpemba anachemsha maziwa, alikoroga sukari kwenye maziwa yake bila kuyachemsha akayawahisha ndani. Mpemba akaona akingoja yake yapoe, trei ya mwisho itachukuliwa. Akayaingiza yakiwa ya moto, huku akijua anaweza kuiharibu friji. Baada ya saa moja na nusu walirudi wote wawili. Ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado mazito tu, hayajashikana.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia, naye akamjibu kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Mpemba akalikubali jibu. Baadaye, wakati wa likizo, akakutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu Tanga mjini, na rafiki huyo akamwambia kwamba yeye huiweka ikiwa ya moto makusudi ili igande upesi.

Hapo ndipo kisa hiki kinaponishika. Muuza aiskrimu wa Tanga alikuwa akilijua jambo hilo na kulitumia kila siku kutafuta riziki, wakati darasani linakataliwa kwamba haliwezekani. Hakuificha siri. Hakuna aliyemuuliza, naye hakuona kama ni kitu cha kusimulia. Ni biashara yake tu.

Mpemba alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, aliuliza tena. Mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Tangu siku hiyo kila alipokosea hesabu darasani aliambiwa hiyo ni hesabu ya Mpemba. Fikirini kijana wa shule, kila siku, mbele ya wenzake. Kisha akaja mgeni, Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi. Ulipofika wakati wa maswali Mpemba alisimama. Ukichukua vyombo viwili vinavyolingana, ukatia maji ya kiasi kilekile, kimoja kikiwa nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friji, cha nyuzi 100 huganda kwanza. Kwa nini? Wanafunzi wakacheka. Walikuwepo waliomwambia amewaaibisha mbele ya mgeni.

Osborne hakuwa na jibu, lakini aliahidi kulijaribu swali lile, na aliporudi Dar es Salaam alimpa fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi akaleta taarifa kwamba maji yaliyoanza yakiwa ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala yao katika jarida la Physics Education, jina la mwanafunzi likiwa pamoja na jina la mwalimu. Wakati huo Mpemba alikuwa akisoma Chuo cha Wanyamapori Mweka, Moshi. Wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo mpaka leo. Wapo walioliona katika majaribio yao, wapo walioshindwa kuliona, na sababu yake haijakubaliwa na wote. Kwangu hilo halimpunguzii Mpemba kitu. Aliona, akasema, akachekwa, akasema tena.

Wengine wetu hatuogopi kuchekwa, tunaogopa kuibiwa. Siwabezi. Aliyebuni mashine ana haki ya kwenda BRELA, wakala wa usajili wa serikali, kuomba hataza ya kulinda ubunifu wake, na kibarua anastahili ujira wake. Lakini fikra nyingi tunazozishikilia hazina soko hata tukizifungia kabatini. Kule Kitengela, Kenya, kijana wa Kimasai aitwaye Richard Turere aligundua kwamba simba wanaotoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi huogopa mwanga unaotembea. Akaunganisha betri kuukuu ya gari, kifaa cha indiketa ya pikipiki na taa za tochi zilizoharibika, zikawa zinawaka na kuzima kuzunguka zizi. Simba wakaacha kuja kwao. Majirani walipomwomba awasaidie, aliwafungia taa hizo nyumba saba. Zizi la kwao halikupata hasara yoyote kwa sababu la jirani nalo limewaka.

Nusu ya pili ya ule mstari wa Mithali ndiyo inayotuhusu zaidi sisi viongozi: mtu wa ufahamu atayateka. Maji ya kilindini hayapandi yenyewe, sharti aje mwenye ndoo. Osborne alikuja na ndoo. Musa naye alimsikiliza mkwewe akafanya yote aliyomwambia, na sioni mahali alipomuuliza kwamba wewe Mmidiani unajua nini kuhusu taifa la Mungu. Mhubiri anasimulia mji mdogo uliozingirwa na mfalme mkuu, ukaokolewa na hekima ya maskini mmoja, kisha hakuna aliyemkumbuka. Anamalizia kwa uchungu: hekima ya maskini hudharauliwa, wala maneno yake hayasikilizwi.

Tutazame vikao vyetu. Yatangulia matangazo, taarifa ya mweka hazina, ujenzi, mavuno, maandalizi ya ziara. Mwisho kabisa kuna "Mengineyo". Ikifika hapo kina mama wameshafunga khanga, watoto wanalia, mwenyekiti ameshaitazama saa mara kadhaa. Anasema, "Kuna mwenye lolote?" huku akifungua Biblia kwa sala ya kufunga. Nani atasema? Dada anayefanya kazi za ndani kwa watu, aliyekaa karibu na mlango, hatasema. Lakini Naamani, jemadari wa Shamu, alipona ukoma kwa sababu kijakazi aliyetekwa alisema neno moja mbele ya bibi yake. Kijakazi yule angengoja "Mengineyo", Naamani angekufa na ukoma wake.

Haifai niwahimize ninyi kisha zangu nibaki nazo. Ninazo fikra ambazo sijazitumia. Nazitoa hapa, na atakayeona inamfaa aichukue bila kuniuliza.

Ya kwanza ni ya zahanati. Vidonge hutolewa kwenye vibahasha vilivyoandikwa 1x3 au 2x2, yaani kimoja mara tatu kwa siku, au viwili mara mbili. Wazee wetu wengi hawaelewi maandishi hayo, na wanaona haya kuuliza mara ya pili. Nimemwona bibi akimeza vitatu kwa mpigo ili, kama alivyosema, amalize ya siku nzima. Vijana wa kwaya wenye mkono mzuri wangeweza kuchonga mihuri midogo ya jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi. Muuguzi anagonga picha, na chini ya kila picha anachora vidonge kwa idadi yake. Huenda kuna mahali wanafanya hivyo tayari. Kwetu hatufanyi, nasi tunao wauguzi wawili katika jumuiya hii.

Ya pili ni ndogo: mfuniko wa dumu. Karibu kila dumu la maji mtaani limezibwa kwa gunzi au mfuko wa nailoni, kwa sababu mfuniko ulipotea wiki ya kwanza. Kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kikifungwa kutoka shingo ya mfuniko mpaka kwenye mpini wa dumu, mfuniko hautapotea. Kikizungushwa mpini wote, mpini hautakata vidole vya mtoto anayebeba.

Ya tatu ndiyo iliyonikaa moyoni muda mrefu, nayo inahusu tabia yetu binadamu. Mtu akifiwa, siku tatu za kwanza nyumba hufurika. Turubai, viti, masufuria ya kukodi, vijana wa kaburi, kina mama jikoni tangu alfajiri. Rambirambi zinaandikwa kwenye daftari, jina na kiasi. Tukishaanua tanga, viti vinarudi kwa mwenyewe, turubai linashushwa, na mjane anabaki na watoto wake. Sidhani kama ni ukatili. Nimewauliza watu, na karibu kila mmoja alidhani mwenzake ameenda. Wema wetu ni wa kweli, ila hujitokeza penye watu wengi, na penye mtu mmoja hupotea njia.

Na majuma yale ya baada ya tanga ndiyo mazito. Ndipo mjane anapotakiwa kufuatilia cheti cha kifo RITA, ofisi ya usajili wa vizazi na vifo, kupata muhtasari wa kikao cha ukoo, kufungua mirathi Mahakama ya Mwanzo, kukaa kwenye benchi la korido akiwa na bahasha mapajani, akiambiwa arudi Alhamisi. Hakuna anayeandika rambirambi ya kumsindikiza mtu mahakamani.

Nawaza hivi. Lile daftari la rambirambi liwe na ukurasa mmoja zaidi, wa majuma manane baada ya maziko. Kila juma majina mawili. Hakuna kiasi cha fedha. Mmoja anaingia kusaidia kazi za nyumba, mwingine anasindikiza kwenye ofisi au anakaa tu na mfiwa jioni. Ndiyo makumi ya Yethro: mzigo uliomshinda mmoja, ukigawiwa nyumba nyingi, kila nyumba inauweza.

Bwana, uliyempa Yethro neno na Musa sikio, tupe vyote viwili, na umpe ujasiri yule aliyekaa karibu na mlango. Amina.

Jumamosi hii naomba "Mengineyo" iwe ajenda ya kwanza, na aanze kusema mdogo kuliko wote. Mimi nitakuja na daftari, ukurasa umeshapigwa mistari. Familia ya kuanza nayo tunaijua sote, tuliwazikia juma lililopita. Juma la kwanza tumejiandika mimi na mwenyekiti. Juma la pili bado halina mtu.