Wazee wa Havana hawanipi usingizi

Jamani, tangu jana usiku nimo kwa wazee wa Buena Vista Social Club, kundi la wanamuziki wa Kuba, na sioni dalili ya kutoka. Rekodi ni ya mwaka 1996, studio za EGREM, Havana. Mpango wa mwanzo ulikuwa kuwakutanisha wanamuziki wa Mali na Wakuba, ila Wamali hawakufika. Basi mwanamuziki wa Kuba Juan de Marcos González ndiye aliyewakusanya wakongwe.

Na wakongwe kweli! Compay Segundo, mzaliwa wa 1907, alikuwa anakaribia miaka 90, na gitaa lake la nyuzi 7 alilolibuni mwenyewe. Mwimbaji Ibrahim Ferrer alishaachana na muziki, anang'arisha viatu.

Lakini mimi wangu ni Rubén González. Mpiga piano asiye na piano nyumbani, na vidole vimeshikwa na baridi yabisi! Hebu usikilize mkono wake wa kulia: unapanda mbio hadi juu kabisa, unadhani safari hii atapotea, mara anatua palepale besi ya mwenzake Cachaíto inapomsubiri. Nimerudisha hapo mpaka jirani kagonga ukuta.

Na asiniambie mtu huu ni muziki wa kigeni. Santuri za Kuba zilichezwa sana Kongo, na rumba tunayoisakata imechota humo.

Mwenye rekodi za Rubén za miaka ya 1940, alipokuwa na bendi ya Arsenio Rodríguez, anitumie tafadhali. Soda juu yangu.