Ndimu mbili tatu

Juzi mwanangu kamkamulia changu ndimu kabla sijamwambia, na mimi badala ya kumshukuru nikainama nikamnusa yule samaki. Nikanusa tena. Akaniuliza, "Mama, kaoza?" Hajaoza. Ni mimi tu na mambo yangu ya mwaka ule wa kiza.

Kiza chenyewe mnakikumbuka. Usiku wa tarehe 10 Desemba 2009 umeme unaotoka bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika, na Unguja ikakaa hivyo mpaka Machi 2010. Wengine mtakumbuka kuhangaikia maji maana pampu zililala, wengine yale majenereta ya Mjini, kelele mpaka unaziota. Mimi nakumbuka friza la Bibi, Chwaka.

Friza lilikuwa la malai na barafu za watoto wa skuli. Mwaka ule nusu yake tuliikodi kwa pesa za mgeni wetu, mwanafunzi kutoka Ulaya aliyekuwa akifanya uzamivu wake kwenye ghuba, nami ndiye msaidizi wake. Upande mmoja malai, upande mwengine samaki 41, kila mmoja na mfuko wake na kikaratasi cha penseli: changu, tasi, chaa, huyu wa dema la kwenye majani bahari, huyu wa mkondo wa Mapopwe, ndani kwenye mikoko. Mgeni kaenda kwao kula Krismasi, funguo na dhamana kaniachia mimi.

Alichokuwa akitafuta ni hiki: samaki anayevuliwa mikokoni, mwili wake umejengwa kwa chakula cha wapi? Ukimpasua tumbo utaona alichokula asubuhi. Nyama yake ina kumbukumbu ndefu zaidi, ya wiki na miezi. Kaboni ina sura mbili zisizobadilika, ya 12 iliyo nyepesi na ya 13 iliyo nzito, na hii nzito katika kila atomi mia haizidi moja na kidogo. Mkoko hujenga jani lake kwa kuipendelea nyepesi. Majani bahari yaliyozama majini hayana uchaguzi huo, hubaki na nzito nyingi zaidi. Mashine husoma tofauti hiyo kwa sehemu za elfu, ikilinganisha na kipimo kilichotokana na kisukuku cha South Carolina, Marekani, chenye nzito nyingi kuliko hivi vyote, ndiyo maana namba hutoka na alama ya kutoa: mkoko kwenye kutoa 28 hivi, majani bahari kwenye kutoa 10 au 12. Mlaji hufanana na alichokula. Kuna na nitrojeni, ile ya 15, ambayo hupanda kama 3.4 kila mmoja anapomla mwenzake, kwa hiyo unajua nani yuko ngazi ya ngapi.

Nilipomweleza Bibi haya, mwezi mmoja nyuma, alicheka mpaka akashika kiuno. "Mke mwenzangu, jani la mkoko likianguka kaa anakula. Kaa analiwa na changu. Mnataka mashine ya nini?" Sikuwa na jibu zuri. Kaa wa mikokoni kweli wanakula majani, hilo hata vitabuni limo.

Basi. Umeme ulikatika nikiwa Mjini. Siku ya kwanza nikajisemea utarudi, siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nikapanda daladala la Chwaka na mapande mawili ya barafu kwenye gunia, nikafika na gunia la maji. Magharibi imeshaingia.

Bibi alikuwa uani, kakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kandili pembeni. Mbele yake nyungo mbili, na kwenye nyungo samaki wangu wote, wamepasuliwa mgongoni, wamefunguliwa kama vitabu, weupe kwa chumvi.

"Nimengoja umeme siku mbili," akasema. "Wakaanza kulegea. Ungekuta uvundo."

Nilichoka pale pale. Kisha nikaona vikaratasi. Hakutupa hata kimoja. Kila kikaratasi kakichoma kwa kijiti cha chelewa kwenye mkia wa mwenyewe, na penseli haikufutika. Nikaanza kupumua. Chumvi haina kaboni, wala haina nitrojeni. Hutoa maji, hukausha, lakini haiongezi kitu ambacho mashine yetu ingekihesabu. Nitakata minofu, nitaosha kwa maji ya betri, yale yaliyotoneshwa, si asidi, nitakausha. Nikamwambia Bibi ahsante, nikamaanisha.

Ndipo harufu ikanijia.

"Bibi, umetia na ndimu?"

"Ndimu? Kidogo. Nilitaka kukaanga wachache wasije wakaharibika wote. Halafu nikakumbuka samaki wa Mzungu, nikaacha."

"Umewatia wangapi?"

"Ndimu mbili tatu."

"Samaki wangapi, Bibi?"

"Nimekwambia kiza!"

Sasa mnielewe. Ndimu si chumvi. Ndimu ni tunda la mti wa nchi kavu, ina sukari na asidi, ina kaboni, na kaboni yake iko jirani na ya mkoko. Samaki aliyelishwa na majani bahari akatiwa ndimu, akisogea atasogea upande wa mikokoni.

Nikaosha mikono kwa jivu kuondoa mafuta ya taa, nikachukua ungo wa kwanza mapajani, nikaanza kunusa. Mmoja mmoja. Unamwinua kwa mkia, kikaratasi kinapepea, unasogeza pua pale nyama ilipofunguka. Harufu ya chumvi na bahari, weka kulia. Huyu mkali, harufu inakupanda hadi kwenye macho, weka kushoto. Kwenye mmoja nikaona kokwa ya ndimu imenasa kwenye mbavu, nikafurahi kama niliyeokota pesa. Kufika kama wa ishirini pua ikafa. Kila kitu ndimu. Kidole changu ndimu, moshi wa kandili ndimu. Nikasimama, nikaenda ukutani nikanusa chokaa, nikarudi. Mbu wananila miguu. Paka wa jirani kakaa ukingoni ananitazama kazi yangu, na Bibi akasema, "Hata huyo anajua kunusa mara moja inatosha."

Mwisho nikawa na 29 kulia, tisa kushoto, na watatu katikati. Wale watatu niliwanusa mpaka saa nne ya usiku. Nikimnusa nikiwa na matumaini, hana ndimu. Nikimnusa nikiwa na wasiwasi, anayo.

Mengine yalikwenda haraka. Tukapata tanuri la mtu mwenye jenereta, nyuzi 60 kwa siku mbili, kinu, unga mlaini kama poda, miligramu moja moja kwenye vikombe vya bati vidogo kuliko punje ya mbaazi. Wale tisa wa ndimu nikawatoa, tukawala. Wale watatu nikawapeleka. Mgeni aliporudi nilimsimulia habari ya chumvi, akaandika daftarini, akauliza, "Chumvi tu?" Nikasema ndiyo, chumvi. Niliwaza wale niliowapeleka, nikajiambia minofu nimeiosha mara tatu, ndimu gani itabaki. Mpaka leo najiambia hivyo.

Majibu yalikuja baada ya miezi. Samaki wetu wa Mapopwe karibu wote walikaa upande wa majani bahari, kana kwamba mikokoni wanalala tu na kula wanakula kwengine. Isipokuwa changu mmoja, aliyeinama waziwazi kuelekea mkoko. Nikatafuta kikaratasi chake. Mmoja wa wale watatu.

Nikaenda Chwaka kumwambia Bibi kuwa katika samaki wote wale, mmoja kamuunga mkono.

"Mmoja tu?" Akarudi kukuna nazi yake. "Basi huyo ndiye niliyemtia ndimu."

Akacheka, na mimi nikacheka. Sikumuuliza tena.