Benchi la Mbao za Paleti

Tangu Serikali ilipohamia Dodoma na ujenzi ukashika kasi hadi Mtumba, ulipo Mji wa Serikali, paleti (majukwaa ya mbao ya kubebea mizigo) zilizokwisha kazi zimekuwa nyingi, nami nazitengenezea mabenchi kwa moyo wote. Kabla ya kung'oa msumari hata mmoja, natafuta kwanza muhuri ubavuni: HT maana yake ni kwamba mbao zilipashwa joto ili kuua wadudu, hadi kiini chake kikafikia nyuzi joto 56 za Selsiasi kwa dakika 30, ilhali MB ni dalili ya kufukizwa kwa methili bromidi, gesi ya sumu, na hizo siziingizi nyumbani kwa mtu kamwe. Hewa yetu kavu husinyaza mbao, kwa hiyo naziacha kivulini wiki kadhaa kabla ya kuziunga, la sivyo viungo hulegea. Matundu ya misumari nayaacha yaonekane. Kwangu ndiyo urembo wake.